Maisha ya Jethro Tull, Mtengenezaji wa Mashine ya Kupandia Mbegu

Wenzetu waliokabidhiwa kazi ya kutengeneza kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu walitaka kurasa chache zitengwe kwa habari za mtu mmoja wa zamani ambaye kazi yake imeyagusa mashamba yetu. Majina ya waanzilishi wa ushirika yamekwisha pewa heshima yake katika kurasa nyingine. Mimi nimemchagua Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka mia mbili na themanini iliyopita, mtu ambaye hakuwa mwanachama wa ushirika wowote, hakuwa na subira kwa wenziwe, na aligombana na vibarua wake karibu maisha yake yote ya ukulima.

Kilichonifanya nimchague ni ile mashine ya kupandia soya iliyomo ghalani mwetu. Kila msimu itokapo kwenda kuzunguka katika vyama vya msingi, huturudishia habari za namna mbili: huku inasifiwa, kule inalaumiwa, hali mashine ni ile ile na mbegu ni zile zile. Bwana Jethro Tull aliijua vizuri taabu hiyo. Aliunda mashine yake kwa kusudi la kuondokana na mikono ya watu asiowaamini, kisha akatumia miaka zaidi ya thelathini kugundua kwamba mashine nayo yataka mikono.

Alizaliwa katika kijiji cha Basildon, katika jimbo la Berkshire, kusini mwa Uingereza, akabatizwa huko tarehe 30 Machi, 1674. Wazee wake walikuwa watu wenye ardhi na nafasi yao, ingawa hawakuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi. Mwaka 1691 alipelekwa katika Chuo cha St John's, Oxford, lakini aliondoka bila kuchukua shahada. Mwaka 1693 akaingia Gray's Inn mjini London kujifunza sheria, na mwaka 1699 akakubaliwa kuwa wakili. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Susanna Smith. Mtu mwenye elimu kama hiyo na jamaa kama hao angetazamiwa kukaa mjini, avae joho la wakili au atafute kiti katika mambo ya serikali. Yeye alikuwa mgonjwa wa kifua tangu ujana wake, na ugonjwa huo haukumwacha mpaka siku ya kufa. Alirudi shambani.

Kuna jambo moja dogo la ujana wake ambalo msomaji ataombwa alikumbuke. Bwana Tull alikuwa akipenda kupiga kinanda kikubwa cha kanisani, kile chenye mabomba ya kutolea sauti. Tena hakutosheka kukipiga. Alikifungua pia, akaangalia namna upepo unavyozuiliwa na kufunguliwa kwa ulimi mdogo wenye springi. Wakati ule mambo hayo hayakuwa na faida yoyote kwake isipokuwa kuridhisha udadisi wake.

Shamba alilokwenda kukaa liliitwa Howberry, karibu na mji wa Wallingford, kando ya mto Thames. Huko alikuta mbegu zikipandwa kama zilivyopandwa na babu za babu zao. Mkulima alibeba mbegu katika kikapu, akatembea shambani huku akizitawanya kwa mkono kulia na kushoto. Nyuma yake ilipitishwa haro ya kukokotwa na farasi ili zifunikwe. Mbegu nyingine zilizikwa chini mno zisiweze kutoka, na nyingine zilibaki juu zikaliwa na ndege. Hapa zilirundikana zikanyang'anyana chakula, pale palibaki uwazi ambao magugu yaliushukuru. Hata zilipoota vizuri, palipaliliwa kwa shida, kwa sababu hapakuwa na mstari wa kuufuata. Mkulima alizoea kuongeza mbegu ili afidie zitakazopotea, na hivyo alipoteza zaidi.

Bwana Tull alilima majani ya malisho yaitwayo sainfoin, ambayo mbegu zake zilikuwa ghali, na mara nyingi hazikuwa nzuri. Kwa kuwa mfuko ulimwuma, alianza kuangalia kwa makini. Aliona kwamba zile sehemu ambazo mbegu zilianguka chache ndizo zilizotoa majani bora kuliko palipojaa. Akaanza kuchunguza ni mbegu zipi huota na zipi zimekufa, na ni kina gani cha udongo kinachozifaa. Kisha akawaagiza vibarua wake wachimbe vifereji vidogo vilivyonyoka, watie mbegu chache kwa uangalifu, na wazifunike kwa udongo wa kiasi. Matokeo yalimfurahisha sana. Basi akakusudia kulipanda shamba kubwa zaidi kwa njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Vibarua walipoona kwamba bwana ameipenda mno njia hiyo na kwamba hawezi kuifanya bila wao, walidai zaidi, na kazi wakaiharibu kwa makusudi. Hivyo ndivyo alivyosimulia yeye mwenyewe baadaye, naye aliwaandika kwa hasira kubwa. Lakini tusisahau kwamba habari hiyo tumeipata kwa upande mmoja tu. Wale vibarua hawakuandika kitabu. Kazi waliyopewa ilikuwa ya kuinama kutwa, kuhesabu punje na kupima kina cha kila kifereji, na faida ya mbegu zilizookolewa iliingia katika ghala ya mwenye shamba. Sisi wa ushirika, ambao tumezoea kuuliza faida inakwenda kwa nani, tutasita kidogo kabla ya kuwahukumu.

Aliwafukuza. Na kwa kuwa hakuwa tayari kuiacha njia yake, akakaa kufikiri ni chombo gani kitakachoweza kufanya kazi ile pasipo wao. Hapo ukamjia akilini ule ulimi wa kinanda. Kwa kadiri ielezwavyo, ilikuwa mwaka wa 1701, naye alikuwa na miaka ishirini na saba.

Tueleze mashine yenyewe, maana sehemu zake ni jamaa wa karibu wa zile tunazozipaka grisi leo. Juu palikuwa na sanduku la mbegu. Chini ya sanduku palikuwa na gogo dogo la mviringo lililochongwa vishimo, nalo lilizungushwa na magurudumu ya mashine yenyewe. Kila kishimo kilipopita chini ya sanduku kilichukua mbegu zake, kikazidondosha katika mrija unaoelekea chini. Ulimi wenye springi ulizuia mbegu zisimwagike ovyo, nao ulilegea kidogo punje kubwa ilipokwama, ili isisagwe. Mbele palikuwa na chuma kilichopasua udongo na kufanya kifereji, na nyuma palikuwa na haro ndogo ya kufunika. Mashine ilikokotwa na farasi, ikapanda mistari mitatu kwa mara moja.

Ubora wa mashine hii ulikuwa katika jambo moja: mbegu zilitoka kwa kufuata mwendo wa gurudumu. Mkono wa mtu huchoka ifikapo saa sita, hushtuka, hukasirika, na hutupa mbegu nyingi zaidi upande wa kivuli ambapo ni raha kusimama. Gurudumu halijui kivuli. Likizunguka mara moja, hatua fulani imepitwa, na punje za kiasi fulani zimeanguka.

Ni haki kusema kwamba Bwana Tull hakuwa mtu wa kwanza duniani kuwaza hivyo. Wachina walikuwa na chombo cha kupandia kwa mistari zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na katika nchi ya Babeli ya kale plau zilifungwa mrija wa kudondoshea mbegu. Hata nchini mwake mwenyewe John Worlidge alikuwa amekwisha chapisha mchoro wa mashine ya kupandia mwaka 1669. Lakini mchoro wa kitabuni ni jambo moja na kupanda ngano shambani mwaka baada ya mwaka ni jambo lingine. Bwana Tull alipanda.

Mwaka 1709 alihamia shamba lingine liitwalo Prosperous, karibu na mji wa Hungerford. Jina hilo maana yake ni neema, lakini udongo wake ulikuwa wa kilimani, mwembamba, wenye chokaa, na haukumpa neema nyingi. Afya yake ilizidi kudhoofu, na mwaka 1711 akavuka bahari kwenda Ufaransa na Italia kutafuta hewa iliyo bora. Wengine huenda ng'ambo wakatazama majumba. Yeye alitazama mashamba. Katika jimbo la Languedoc, kusini mwa Ufaransa, aliona wakulima wa mizabibu wakipitisha plau katikati ya mistari ya mizabibu, wakitifua udongo mara kwa mara na kuua magugu. Mizabibu ilistawi bila kutiwa samadi. Aliporejea nyumbani yapata mwaka 1714, aliijaribu njia hiyo katika mboga za mizizi, kisha katika ngano. Alipanda mistari miwili au mitatu iliyokaribiana, akaacha nafasi pana ya kumpitisha farasi akikokota jembe la kupalilia. Hapo mashine yake ya kupandia ilipata maana kubwa zaidi, kwa kuwa jembe hilo haliwezi kupita pasipo mstari ulionyoka.

Katika miaka hiyo ya Prosperous aliendelea kuitengeneza mashine, akaunda ya ngano na ya mboga za mizizi. Katika kupanda mboga hizo alifanya jambo la akili sana: nusu ya mbegu aliziweka chini zaidi na nusu juu zaidi, ili zisitokeze siku moja. Wadudu wakila miche iliyotangulia, iliyochelewa ingepona. Aliyefikiri hivyo alikuwa amejua kwamba kina cha mbegu ni sehemu ya mazao yenyewe, wala si jambo la kumwachia farasi.

Lakini maradhi yalimweka kitandani siku nyingi, na mashine ikabaki mikononi mwa wengine. Waliigonga kwenye mawe, wakaivunja, wakaiacha, wakairudia njia ya kutawanya kwa mkono kila walipoona hapana anayewatazama. Kitabu chake kimejaa manung'uniko hayo, na msomaji wa leo huweza kuchoka nayo. Hata hivyo kuna ukweli ndani yake alioukaribia bila kuutamka sawasawa. Mashine haikuondoa haja ya mtu mwangalifu. Ilimhamisha tu kutoka mbele ya kifereji ikamweka nyuma ya sanduku, na kosa lake, ambalo zamani liliharibu punje moja, sasa liliweza kuharibu eka nzima kabla ya mtu kugundua.

Niruhusiwe hapa kuiacha Uingereza kwa kitambo, nirudi kwenye soya, maana hakuna zao linaloonyesha jambo hili wazi zaidi. Soya ilianza kupandwa katika nchi ya Tanganyika mwaka 1907, huko Amani, wakati wa Wajerumani, lakini mashine za kuipandia zimewafikia wakulima wadogo kwa kuchelewa sana. Punje ya soya ina ganda jembamba na imeungana kwa nusu mbili ambazo hutengana kwa urahisi ikigongwa. Mahindi husukuma juu ncha moja kama sindano. Soya huota kwa kuinua shingo iliyopinda, na kwa shingo hiyo huzivuta nusu zote mbili za punje mpaka juu ya ardhi. Ikiwa udongo juu yake umeganda, au mbegu imezikwa chini mno, shingo hukatika na mche hufia gizani. Kina kinachofaa ni inchi moja mpaka mbili, basi. Katika udongo wa kichanga uliokauka juu mtu aweza kuukaribia mwisho wa kipimo hicho. Katika udongo mzito wenye unyevu akaribie mwanzo wake.

Sasa tumtazame mwendeshaji. Trekta ikienda mbio, sahani ya kupimia mbegu huzunguka haraka kuliko punje ziwezavyo kuingia katika matundu yake. Tundu moja hupita tupu, lingine hubeba mbili, na nyingine hubanwa zikapasuka. Punje iliyopasuka huanguka kiferejini kama nyingine, wala haitaota kamwe. Hata punje nzima, ikishuka katika mrija kwa kasi na kuruka-ruka, haitui mahali pake. Chuma cha kufungulia kifereji nacho hurukia juu ya madongoa, hivyo mbegu moja hukaa inchi tatu na jirani yake hukaa juu kabisa, ikingojea njiwa. Kwa mashine za sahani mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka hutosha, yaani kilomita sita hivi kwa saa. Dereva anayelipwa kwa eka huuona mwendo huo kama kuibiwa. Nadhani ubaya wa mashine nyingi umeanzia katika namna ya kumlipa dereva.

Kuna makosa mengine ambayo hayahusu mwendo. Mwendeshaji akiishusha mashine hali trekta imesimama, au akirudi nyuma kidogo huku vyuma vimo ardhini, udongo hujaa katika midomo ya mirija. Hapo mstari mzima huenda mtupu, na sanduku hubaki limejaa, jambo ambalo mtu mvivu wa kufunua kifuniko atalijua jioni. Mashine ikifungwa ikiwa imeinama mbele au nyuma, kina hubadilika hata kama kipimo chake hakikuguswa. Katika udongo wenye matope gurudumu linaloendesha sahani huteleza bila kuzunguka, na mbegu hukoma. Bwana Tull aliipa mashine yake akili ya gurudumu, na ikiwa gurudumu halizunguki, akili hiyo imelala. Gurudumu la nyuma la kushindilia nalo lina mambo yake: likilegea, udongo haushiki mbegu, na likikazwa mno katika udongo wenye unyevu, hutengeneza lile ganda gumu linalokata shingo ya soya. Na mbegu zilizochanganywa na ile dawa yenye vijidudu vya kuisaidia mizizi ya soya, zikitiwa sandukuni kabla hazijakauka, hunata na kufanya daraja juu ya sahani, hali chini yake mna uwazi.

Ubaya wa makosa hayo yote ni kwamba siku ile hayaonekani. Shamba lililopandwa vibaya kwa mashine hupendeza macho jioni kama lililopandwa vizuri: mistari imenyoka, udongo umelala. Ni baada ya juma moja, miche inapotokeza, ndipo mwenye shamba anapoyaona mapengo, na huenda mvua ya kupandia imekwisha pita. Soya huweza kujitanua kidogo ili kuziba nafasi, lakini pengo la hatua nzima huchukuliwa na magugu. Mkulima aliyekopa mbegu kwa dhamana ya mavuno atalipa deni la punje ambazo hazikuota, na chama kitamwandikia barua.

Dawa yake ni ya kizamani, nayo ingempendeza Bwana Tull. Kabla ya kuingia shambani, inua gurudumu la mashine, lizungushe kwa mkono idadi fulani ya mizunguko, kinga mbegu chini ya kila mrija na uzihesabu. Humo humo utaona zilizopasuka. Kisha panda hatua ishirini, simama, piga goti nyuma ya mashine, fukua udongo kwa kidole na upime. Rudia unapobadilisha shamba, na unapobadilisha mbegu, kwa kuwa punje za aina moja hazilingani na za aina nyingine. Kazi hiyo haizidi saa moja. Nimewaona madereva hodari wakiona haya kupiga goti mbele ya wanakijiji, kana kwamba kufukua ni dalili ya kutojua kazi, na nimewaona wenye mashamba wakiona haya kuwaambia.

Turudi Prosperous. Mabwana wenye mashamba waliofika kutazama mistari yake walimhimiza aandike aliyoyajua. Mwaka 1731 alitoa kijitabu cha mwanzo, na mwaka 1733 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya ukulima wa kutumia jembe la kukokotwa na farasi. Kitabu hicho kilimletea sifa na vita pamoja. Kikundi kimoja cha waandishi wa mambo ya ukulima kilimshambulia, kikisema kwamba mawazo yake ameyaiba kwa waliomtangulia na kwamba mengine ni upuuzi. Naye akajibu kwa maandishi ya nyongeza, kwa ukali ule ule aliozoea kuwatolea vibarua. Mtu mgonjwa, mwenye shamba la udongo hafifu, alitumia miaka yake ya mwisho kujibizana na watu wa mjini juu ya nani alisema nini kwanza. Ni jambo la kusikitisha.

Si kweli kwamba alikuwa sahihi katika yote. Aliamini kwamba chakula cha mimea ni chembe ndogo sana za udongo wenyewe, ambazo mizizi huzimeza, na kwamba kazi ya kutifua ni kuzisaga chembe hizo mpaka ziingie. Kwa hiyo samadi aliiona kuwa haina haja kubwa, tena aliishutumu kwa kuleta mbegu za magugu shambani. Alijivunia kwamba amelima ngano miaka kumi na mitatu mfululizo katika shamba moja bila samadi. Leo twajua kwamba mimea huchukua hewa kwa majani, na maji na chumvichumvi za udongo kwa mizizi. Kutifua kulimfaa kwa sababu kuliua magugu na kuacha unyevu na hewa viingie. Mkulima atakayefuata fundisho lake la kuacha samadi atalichosha shamba lake. Basi huyo alikuwa mtu aliyekosea sababu akapata njia, nao si wachache katika historia ya ukulima.

Waingereza wenziwe hawakuikimbilia mashine yake. Ilikuwa ghali, ilivunjika upesi, na fundi wa kijijini aliyejua kuchonga gurudumu la mkokoteni hakujua kuchonga gogo lenye vishimo vilivyo sawa. Mfaransa Duhamel du Monceau alianza kuyaeneza mawazo yake nchini Ufaransa mwaka 1750. Huko Uingereza James Cooke alitengeneza mashine bora zaidi katika miaka ya 1780 na kitu, yenye vijiko vya kuchotea mbegu, na kuanzia mwaka 1800 James Smyth alikuwa akitengeneza mashine za kupandia katika kijiji cha Peasenhall. Mwaka 1822 William Cobbett, mwandishi aliyewatetea sana maskini wa mashambani, alikichapisha upya kitabu cha yule bwana aliyewalaani vibarua. Ilipofika katikati ya karne ile ya kumi na tisa ndipo kupanda kwa mashine kulipokuwa desturi ya kawaida nchini humo. Tangu gogo la Howberry palikuwa pamepita karibu miaka mia moja na hamsini. (Vijana wetu wengine wamelisikia jina la Jethro Tull kwa sababu ya bendi ya Kiingereza iliyojipa jina hilo miaka ya 1960, hao wajue kwamba mwenye jina alipiga kinanda.)

Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Alikufa nyumbani kwake Prosperous tarehe 21 Februari, 1741, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka sitini na saba. Waandishi wengine huuandika mwaka huo kuwa 1740, na msomaji asidhani kwamba mmoja wao ameghafilika: Waingereza wa siku zile waliuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, hivyo kwa hesabu yao mwaka wa 1740 ulikuwa haujaisha. Mwili wake ulirudishwa Basildon, ukazikwa tarehe 9 Machi katika uwanja wa lile kanisa alimobatizwa. Jiwe lililopo sasa juu ya kaburi lake ni la siku za karibuni.